Mbuzi Kwenye Kiwanja: Namna ya Kuandika Hadithi ya Watu wa Mila Tofauti

Hadithi yangu ya kwanza kuhusu Mgogo na mtu wa pwani ilikuwa mbaya, na aliyenionyesha ubaya wake ni bibi mmoja, jirani yetu pale Chang'ombe, Dodoma, ambaye hajui kusoma. Nilimsomea barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mlenda, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, huyu Mgogo wako analima lini?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa kumi na moja Mgogo wangu alikuwa ameomba, amecheka, amepiga zeze. Hakuwa na shamba wala deni, wala jambo lililomwamsha alfajiri. Mtu wa pwani naye alikuwa kanzu na maneno matamu, basi. Nilidhani nimeandika mgongano wa tamaduni, kumbe nimepanga vinyago viwili dukani.

Tangu siku hiyo nimeandika nyingine, na vijana wanaoandika hapa mjini huniuliza nafanyaje. Ninafanya hivi.

Kwanza: tafuta kitu, makabila yatakuja yenyewe

Wengi huanza na "nataka kuandika kuhusu Wagogo na watu wa pwani." Hapo umeshapotea njia. Tamaduni hazigombani. Wanaogombana ni watu, tena wanagombania kitu: kisima, ng'ombe, mahari, mahali pa kuzikia, mpaka wa shamba. Tafuta kitu kimoja kinachoshikika, ambacho watu wawili wakikitazama kila mmoja anaona chake.

Mji huu hauna uhaba wa vitu hivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini msukumo wenyewe tuliuona kuanzia 2016, watumishi walipoanza kushuka na magodoro na majokofu yao. Mwaka 2018 tukawa jiji. Mtaa ambao juzi ulikuwa shamba la uwele leo una Mgogo aliyezaliwa hapo hapo, Mchaga mwenye duka, fundi Mrangi na mtumishi wa wizara aliyezoea upepo wa bahari.

Mimi hutumia kiwanja. Tuseme Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanga, amehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, akanunua kiwanja pembezoni mwa jiji. Aliyemuuzia ni Mzee Mazoya. Pesa imelipwa, mashahidi wameweka sahihi, mwenyekiti wa mtaa amegonga mhuri. Kwa kuwa ujenzi ulikuwa bado, Mama Zuhura alimruhusu mzee alime msimu mmoja wa mwisho. Mavuno yakaisha. Mwezi wa saba anafika na fundi kuchimba msingi, anakuta mbuzi wa Mzee Mazoya, pamoja na wa majirani watatu, wamejaa kiwanjani wanakula mabua. Miche yake ya miembe, iliyopandwa kwenye kona zote nne, imebaki vijiti.

Mama Zuhura anaona dharau. Amelipa, karatasi anayo, na bado watu wanaingiza mifugo kwake bila hata kubisha hodi. Mzee Mazoya anaona jambo jingine kabisa. Huku mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na zikikatika kinachofuata ni vumbi. Mabua yaliyobaki shambani ndiyo yanayovusha mifugo kiangazi, na shamba likishavunwa mifugo hupita, ya huyu na ya yule. Nani aliwahi kumbishia hodi mtu ili mbuzi ale mabua? Yeye aliuza ardhi, hakuuza kiangazi.

Hapo hakuna mwizi wala mjinga. Ukiona rasimu yako ina mwizi upande mmoja, rudi ukatafute kitu kingine. Kipimo changu ni hiki: kila mmoja akirudi kwake na kusimulia kilichotokea, yule anayesimuliwa aseme, "Hata mimi ningekasirika."

Pili: iandike kesi ya kila upande kabla ya kuandika hadithi

Chukua karatasi mbili. Ya kwanza mpe Mama Zuhura aseme yake yote, na ya pili mpe mzee, kila mmoja akijitetea kama aliye mbele ya baraza. Karatasi hizi hazitaingia kwenye hadithi. Ni za kukulazimisha umpende yule usiyempenda. Utajua ni yupi, maana karatasi yake itakuwa fupi.

Mazoezi ya kazi hii yapo kwenye jina la mji wetu. Kuna masimulizi mawili makubwa kuhusu neno Dodoma. La kwanza ni la tembo aliyekwenda kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema *idodomya*, yaani amezama. La pili ndilo tamu. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia. Wahehe walipokuja kuulizia mali yao, wakaonyeshwa mikia imechomekwa kwenye matope: ng'ombe wenu hawa hapa, wamezama.

Baba yangu ni Mhehe, mama ni Mrangi wa Kondoa, nami nimekulia Dodoma. Nyumbani kwetu kisa hiki kilisimuliwa mezani, na baba hakuwahi kukimaliza bila kuidai fidia. Kikisimuliwa na Mgogo, ni kisa cha werevu na watu wanashika mbavu. Sasa kisimulie ukiwa Mhehe. Umetembea siku nyingi, miguu imepasuka, umeacha watoto nyumbani wakisubiri maziwa. Unaushika mkia, unavuta kwa nguvu zako zote ukijua mzigo wa ng'ombe ulivyo, nao unakuja mkononi mwepesi kama jani. Nyuma yako kuna watu wamefumba midomo wasicheke. Hicho si kichekesho tena. Andika matoleo yote mawili, kila moja nusu ukurasa, usibadilishe tukio hata moja. Ukiweza hilo, mengine yatakuwa mepesi.

Zoezi la pili ni la neno moja: hongo. Leo ukilitaja, watu wanafikiria rushwa. Karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliwalipa watemi wa Ugogo ili ipite: vitambaa, shanga, nyaya. Wazungu waliopita na misafara hiyo, kina Burton na Stanley, walinung'unika sana juu yake, na ukiwasoma wao peke yao utadhani Ugogo ilikuwa nchi ya wanyang'anyi. Geuza kiti. Mamia ya watu wanaingia kwenye nchi kavu kabisa. Wanakunywa maji ya visima ambavyo hawakuchimba, wanataka kununua nafaka katika mwaka ambao pengine wenyeji wenyewe haiwatoshi, na kesho wanaondoka. Mtemi ndiye atakayeulizwa visima vikikauka. Asidai kitu? Lakini neno lenyewe limeshachagua upande: mwenye msafara ndiye aliyebaki na kamusi.

Kwa hiyo kagua maneno yako. Kila unapoandika "aliiba", "alivamia", "aliomba", jiulize neno hilo ni la nani kati ya wahusika wako.

Tatu: nani anamwita nani nani

Hatua hii ni fupi ila inaumiza watu, kwa hiyo usiiruke. Majina mengi tuliyoyazoea yalitolewa na majirani. Mang'ati ni jina lililotoka kwa Wamaasai, maana yake adui. Wenyewe ni Wabarabaig, sehemu ya Wadatoga. Tunaosema Wambulu wenyewe ni Wairaqw, Mbulu ni mahali. Wanyaturu wa Singida hujiita Warimi. Waliowahi kuitwa Watindiga ni Wahadzabe.

Katika hadithi, msimulizi atumie jina ambalo watu wenyewe wanalitumia. Mhusika ana ruhusa ya kutumia jina baya, kwa sababu linatuambia jambo juu yake. Na mara moja tu, mahali panapofaa, mwenye jina alisikie. Usiandike alivyojisikia. Andika alichofanya na kikombe alichokuwa amekishika.

Vibandiko ni hivyo hivyo. Kile cha "Mgogo ombaomba" unakijua, nami nilikitumia katika zile kurasa kumi na moja. Nilikuwa sijui lolote kuhusu mtunya, njaa iliyowaangamiza watu Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, baada ya majeshi kubeba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Sikuambii uiweke njaa hiyo kwenye hadithi ya kiwanja. Ila mwandishi anayeijua hamwandiki Mzee Mazoya kwa kalamu ile ile.

Nne: mazungumzo

Kuna kishawishi cha kumpa mwenyeji Kiswahili kibovu, *r* na *l* zikibadilishana viti, ili msomaji acheke. Achana nacho. Hapa kwetu karibu kila mtu anaongea Kiswahili, na hiyo ndiyo raha ya mwandishi wa Kitanzania: wahusika wanaelewana kila neno na bado hawaelewani. Mkenya akiingia mgahawani Majengo akasema "nipe chai", hajakosea sarufi hata kidogo. Mhudumu aliyezoea "naomba chai" ndiye anayekwenda jikoni amenuna.

Hii ni sehemu ya mazungumzo ya Mama Zuhura na mzee, kama nilivyoiandika mara ya kwanza:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mzee, wale mbuzi..."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kwa habari ya wale mbuzi."

"Na baba yao? Alikuwa na safari."

"Amesharudi, mzee."

"Mungu ni mwema. Kaa basi, mbona unasimama kama askari?"

Mzee hampotezei muda. Kwake, mtu anayefikia kwenye shida kabla salamu hazijaisha amekuja kugombana, naye anajaribu kumwokoa na aibu hiyo. Niliipenda sana sehemu hii, mpaka nilipomsomea rafiki yangu wa Tanga. Akacheka. "Mtu wa Tanga akatishe salamu? Sisi tunasalimiana mpaka chai inapoa."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa Mama Zuhura haraka nikaiita ya pwani, wakati haraka ile haikutoka Tanga. Ilitoka ofisini, kwenye mafaili na vikao vya saa mbili, na kwa fundi anayelipwa kwa siku ambaye ameketi kwenye toroli anasubiri. Sikuyabadilisha mazungumzo hata neno. Niliongeza tu sentensi moja, kwamba wakati anaongea alikuwa akimwona fundi akiwasha sigara ya pili. Ofisi nayo ina mila zake. Jeshi pia, chuo pia, hata daladala. Watu wengi katika hadithi zetu wamebeba mila tatu nne kwa pamoja, na ile ya kabila mara nyingi siyo inayowagombanisha.

Kuhusu maneno ya Kigogo: weka machache, na usiyatafsiri pale pale. *Mbukwenyi* haihitaji maelezo; wanasiasa wote wanaosimama jukwaani Dodoma wameshatufundisha kwamba ni salamu. Kinachovutia ni mgeni kulijua neno hilo moja tu na kulitoa kila anapokwama. Lugha zenye vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi mdomoni, kama Kisandawe cha upande wa Chemba, zina balaa lake: waandishi huvinyunyiza vidoko kama pilipili. Ikiwa mhusika wako Msandawe anaongea na mwenzake, andika anachosema.

Tano: vunja kila upande katikati

Hapa ndipo hadithi yangu ilipopona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wa kundi moja hawakubaliani. Mzee Mazoya ana mtoto wa kiume, dereva wa bodaboda, anayetaka mashamba yote yauzwe kabla bei haijashuka, na anaona aibu baba yake kubishana juu ya mabua na mteja. Hilo nililipata mapema. Upande wa Mama Zuhura ulinishinda. Nilimpa mume anayemuunga mkono, dada anayemuunga mkono, wakawa kwaya.

Kisha nikakumbuka minazi. Kwa desturi za pwani, mwenye mnazi na mwenye ardhi ulipoota wanaweza kuwa watu wawili. Mtu anaweza kurithi minazi katika shamba la mwenziwe, akaingia kuangua nazi zake, na mwenye ardhi asiwe na neno. Basi nikamleta mama mzazi wa Mama Zuhura kutoka Tanga, amekuja kumwona mjukuu. Jioni anasimuliwa habari ya mbuzi. Binti anategemea kuungwa mkono. Mama anauliza tu: "Ardhi umenunua. Mabua uliyanunua?"

Sikulazimika kuleta mzungumzaji mwenye busara wa kueleza mila za Wagogo. Ufunguo ulikuwa umelala kwa Mama Zuhura mwenyewe, katika mila aliyoikimbia alipokwenda mjini. Tafuta kitu kama hicho kwa kila upande. Kipo karibu siku zote, kwa sababu watu waliokaa na ardhi, maji na wafu kwa miaka mingi wamekutana na maswali yale yale wakajibu kwa namna zao. Lakini usikitumie kumaliza ugomvi. Katika hadithi yangu Mama Zuhura alimjibu mama yake vibaya, kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu alijua ni kweli.

Sita: utani

Mwandishi wa Kitanzania asiyetumia utani ameacha jembe nyumbani. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare: wanaweza kutukanana hadharani, msibani hasa, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Matusi yale yale yakitoka kwa asiye mtani ni vita. Kwa hiyo unaweza kuandika sentensi moja mara mbili kwenye hadithi, ikisemwa na watu wawili, na ya pili ikavunja urafiki. Mgeni aliyekaa miezi sita, akaona watani wakichezeana, akadhani naye sasa ni mwenyeji na akajaribu: tukio hilo halihitaji maelezo yoyote. Andika ukimya unaofuata.

Saba: ikiwa watu wako ni wa kubuni kabisa

Wengine mnaandika hadithi za falme zisizokuwepo au za sayari nyingine. Kanuni ni zile zile, ila hamna jirani wa kuwasahihisha. Msianze na mavazi na vyakula. Amueni mambo matatu kwa kila taifa: maji yanagawiwaje, mtu akifa anawekwa wapi, na deni linaisha lini. Mavazi yatafuata.

Mfano wa kujifunzia upo jirani yetu, Hanang. Miaka ya 1970 yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano kule Basotu, kwa msaada wa Kanada, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walichungia. Mzee mwenye heshima kwao huzikwa chini ya kichuguu cha udongo kinachojengwa kwa sherehe ya miezi mingi, na mahali hapo hubaki pa kuheshimiwa vizazi na vizazi. Trekta zilipolima, makaburi ya namna hiyo yalilimwa pia. Sasa mfikirie dereva wa trekta. Ametoka mbali, ana kipimo cha ekari za kumaliza kabla ya giza, na mbele yake kuna nundu ya udongo yenye nyasi. Haina msalaba, haina jiwe lililoandikwa. Kaburi halioni kabisa. Taifa lako la kubuni linahitaji nundu kama hiyo: kitu ambacho mmoja hawezi kukiona, hata akiwa na macho mazuri na moyo mzuri.

Nane: mwisho wa hadithi

Usiwaoze. Kila mtu anawaoza: mtoto wa huyu anamuoa mtoto wa yule, ngoma zinapigwa, ng'ombe wanachinjwa. Usimlete mkuu wa wilaya pia. Mtu alipe kitu, kidogo lakini cha kweli. Mama Zuhura alijenga ukuta, ila aliujenga mwezi wa kumi na moja, mabua yalipokwisha. Hakumwambia mtu kwa nini alisubiri. Mafundi walimdai gharama za kuahirisha, akalipa.

Tisa: wasomee watu, mmoja wa kila upande

Wasomee kwa sauti, uso kwa uso, kila mmoja peke yake. Usiulize "umeipenda?", maana watakuheshimu na kukudanganya. Uliza: "Wapi ulisema hapana?" Ukiona anatazama pembeni, weka alama kwenye ukurasa huo. Usijitetee, kunywa chai yako.

Hadithi ya kiwanja nilimsomea yule bibi, baraza lile lile. Safari hii hakuuliza mzee analima lini. Alitikisa kichwa kwenye habari ya mabua, akaguna Mama Zuhura alipomjibu mama yake. Nilipomaliza akauliza, "Hao mbuzi walikuwa wangapi?"

Nikamwambia sikuandika idadi.

"Mwenye mbuzi anajua," akasema.

Nilirudi nyumbani nikaandika: kumi na saba, na mmoja ana mimba.